Meza ya Rangi: Zambarau isiyo tope, waridi la parachichi na kanga yenye jina lako

Barua za safari hii zimetoka Nyanda za Juu Kusini, karibu zote bila majina, na tumeziacha hivyo. Wanaouliza ni watu wanaowapenda wa jinsia yao, au wasiojiona katika nguo walizopangiwa na wengine. Wanataka kujua namna ya kuishi na rangi. Tumejibu kwa vipimo.

Shikamooni. Nimepanga chumba Mbeya mjini, nyumba ya wapangaji sita. Nimeshajikubali kwamba nawapenda wanaume wenzangu, na ningependa niamke nikiona rangi za upinde. Bendera siwezi kutundika, watoto wa mwenye nyumba huingia bila hodi. Rangi zenyewe hasa ni zipi, na nifanyeje? (Mpangaji)

Marahaba, mdogo wetu. Anza na rangi nane, si sita za bendera ya leo. Bendera ya kwanza ya upinde, alama ya wanaopenda wa jinsia yao, ilipandishwa San Francisco tarehe 25 Juni 1978. Msanii Gilbert Baker na wenzake wa kujitolea, Lynn Segerblom akiwemo, waliitia rangi kwa mikono yao. Kila mstari ulipewa maana: pinki ni mapenzi ya mwili, nyekundu uhai, rangi ya chungwa kupona, njano jua, kijani maumbile, feruzi uganga na sanaa, nili utulivu, zambarau roho. Pinki iliondoka kwa sababu ya dukani tu, kitambaa chake hakikupatikana cha kutosha. Mwaka 1979 feruzi nayo ikaachwa ili mistari iwe shufwa. Kwa hiyo sita si amri iliyoshuka mlimani, ni habari ya soko.

Sasa, kinachoitambulisha bendera ni mpangilio. Rangi zile zile ukizichanganya, jirani ataona foronya ya viraka, basi. Nenda kwa fundi cherehani anayeshona sare za kwaya. Wanakwaya wa huku hawaogopi rangi, na katika mfuko wake wa vipande utakuta zambarau, feruzi na chungwa ambavyo duka la vitambaa lingekuuzia mita nzima. Chagua vipande vya uzito mmoja. Nyekundu na zambarau ziloweke peke yake katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Kipande kinachotoa rangi hata baada ya kufuliwa mara tatu kiache, kitachafua wenzake.

Kwa mto wa sentimita 40 kwa 40, kata vipande vinane vya upana wa sentimita 7 na urefu wa 42. Ukishona kwa kuacha sentimita 1 kila upande, kila kimoja kitabaki na 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mshono ukila milimita 2 zaidi kila upande, kwa mishono saba umepoteza karibu sentimita 3 na mto hauingii. Weka alama ya chaki, usitegemee jicho. Mpangilio unaokaa vizuri ni kijani, pinki, nili, njano, zambarau, nyekundu, feruzi, chungwa. Piga pasi mishono yote ielekee upande mmoja, ila jaribu pasi ya mkaa kwenye kipande cha ziada kwanza, maana vitambaa vingi vya sare vina poliyesta na huyeyuka. Mgongo uwe vipande viwili vya 42 kwa 28. Kunja pindo la sentimita 2 kwenye kila kimoja na vitapandana sentimita 10, huhitaji zipu.

Umefanya vyema kuwa na tahadhari. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 na kinaweza kufika maisha. Kifungu kinazungumzia tendo la ngono, si foronya, lakini jirani mwenye chuki hasomi vifungu. Mto ukikamilika usiupige picha ukaiweka kwenye simu pamoja na maelezo. Atakayeuliza mwambie ukweli: ni viraka vya kwaya.

Kamwene. Mimi ni mwanamke, naishi Iringa, na tangu utoto gauni naliona kama nguo ya mtu mwingine. Nataka kujichora nikiwa na suti ya zambarau. Kila nikichanganya nyekundu na bluu napata rangi ya tope. Nakosea wapi? (Msuti)

Kamwene, dada. Hukosei kuchanganya, umekosea nyekundu. Nyekundu nyingi za makopo ya shule zina unjano ndani yake. Ukitia bluu, rangi tatu za msingi zimekutana, na zikikutana hutoa kahawia au kijivu. Jaribio lake ni rahisi: chukua tone la nyekundu yako, liongezee maji mengi, lipake kwenye karatasi nyeupe. Likififia kuwa pinki safi, inafaa. Likielekea chungwa, itunze kwa kuchora nyanya. Omba dukani ile inayoitwa majenta, au pinki nzito. Bluu nayo iwe ile inayoelekea zambarau, siyo inayoelekea kijani.

Anza na sehemu mbili za majenta, kisha uongeze bluu kwa ncha ya brashi mpaka ifike kama sehemu moja. Bluu ina nguvu, ukianza nayo utamaliza kopo la majenta ukiikimbiza. Zambarau nzito huonekana nyeusi ikiwa mbichi, kwa hiyo chovya nukta ya nyeupe pembeni uone umefika wapi. Ikiwa suti itaonekana imelala, usiizidishie rangi. Paka njano hafifu ya udongo nyuma yake, nayo itaamka yenyewe, kwa kuwa njano na zambarau hukaa pande mbili zinazotazamana katika duara la rangi. Oktoba mijakaranda ikichanua, kaitazame jioni jua likiwa limelala, utaona tunachosema.

Kwa ngozi yako, weka pembeni kopo la nyeusi. Kivuli cha uso wa kahawia kikitiwa nyeusi hugeuka jivu na mtu anaonekana mgonjwa. Tia zambarau ile ile ya suti kidogo ndani ya kahawia, na kwenye mwanga wa paji la uso ongeza chungwa na nyeupe kiasi. Suti na uso vitakuwa vya mtu mmoja. Macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, si juu kama wengi tunavyodhani, na mwili uliosimama ni vichwa saba hadi saba na nusu. Mabega ya koti yachore mapana kidogo kuliko yako kila upande, hivyo ndivyo suti inavyofanya kazi.

Msanii wa Afrika Kusini Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi mwaka 1972, hujipiga picha akiwa amevaa vitu vya nyumbani kichwani, vibanio vya nguo na sponji za kusugulia, na ngozi yake anaiongezea weusi badala ya kuipunguza. Ukikosa suti ya kuigiza mbele ya kioo, shuka lililokunjwa begani linatosha kukuonyesha mikunjo inaangukaje.

Picha isikae dirishani. Pinki na zambarau za bei nafuu ndizo hufa kwanza kwenye jua.

Ugonile. Nipo Tukuyu. Nyumbani walinifukuza, fedha sina. Napenda pinki, ile niliyokuwa nakatazwa kwamba ni ya wasichana. Kuna njia ya kuipata bila kununua? (Kijana wa Rungwe)

Ugonile. Unaikanyaga kila siku. Kokwa la parachichi hutoa waridi, na Rungwe makokwa hutupwa kwa ndoo.

Kusanya makokwa sita hadi manane kwa kitambaa cha pamba cha mita moja hivi, tuseme gramu 150. Yasugue mpaka nyama yote ya tunda itoke, kwa kuwa mafuta na nyama ndiyo huleta ukahawia. Kata vipande, tia katika lita 3 za maji ya mvua, ambayo huko kwenu si tatizo. Weka motoni yapate moto wa kutoa mvuke bila kutokota. Hili watu hulipuuza, wakayachemsha kama maharage, waridi likageuka rangi ya chai. Baada ya saa moja maji yatakuwa mekundu mekundu. Yafunike, yaache yalale hadi kesho.

Kitambaa nacho kina maandalizi. Bafta mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia rangi. Ichemshe nusu saa na sabuni, isuuze, na itumbukize ikiwa mbichi, kwani kitambaa kikavu hunywa rangi kwa mabaka. Pasha tena saa moja kwa moto mdogo, kisha uache usiku kucha. Suuza, anika kivulini. Hahitajiki mganga wa kuikamatisha, kokwa lina tanini yake, ule ukakasi unaokausha ulimi, ambayo hushika pamba.

Chombo ndicho hutoa hukumu. Sufuria ya chuma, au ya enameli iliyobanduka, itakupa kijivu, sababu chuma na tanini vikikutana huzaa weusi. Ya aluminiamu inafaa mradi usitie magadi. Ukipata ndoo ya plastiki, mimina humo maji yaliyopoa na utie magadi robo kijiko cha chai, utaona wekundu unapanda. Kila aina ya parachichi ina waridi lake, hivyo jaribu kwanza kwenye ukanda wa vidole vitatu.

Ukitaka rangi nyingine kwa njia hiyo: maganda makavu ya vitunguu yenye uzito sawa na kitambaa hutoa dhahabu, mradi kitambaa kilowekwe kwanza katika shabu, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Binzari manjano inavutia siku ya kwanza, ila jua la wiki mbili linaimaliza, usipoteze muda. Majani ya chai yaliyokwisha tumika pamoja na misumari yenye kutu hutoa kijivu kizuri. Bluu ndiyo ngumu, bila mnili huipati.

Na pinki ina historia nzito kuliko ya wasichana. Katika kambi za Wanazi wanaume waliofungwa kwa kupenda wanaume walishonewa pembetatu ya pinki kifuani. Miaka ya 1970 wanaharakati waliichukua alama ile ile wakaivaa kwa hiari.

Kuhusu kufukuzwa: mtafute mzazi mmoja wa ukoo, shangazi au mjomba, aliyewahi kukutetea kwa jambo lolote, hata dogo. Uende kumsalimia tu, na kitambaa ulichotia rangi mkononi. Usianze na maelezo.

Tupo wawili, wanawake, tunaishi Mafinga na watu wanatujua kama ndugu. Tunataka kanga yetu yenye jina letu. Kiwanda hakitatuchapia moja. Twaweza kuiandika kwa nta? Mara ya mwisho rangi ilitoka mabaka na herufi zikaliwa. (Doti)

Mmechagua kitu sahihi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na kwa zaidi ya karne moja wanawake wamekuwa wakilitumia jina kusema mambo ambayo kinywa hakiwezi kuyatamka mbele za watu. Hakuna lugha ya siri iliyo wazi kuliko hiyo.

Jina kwanza. Liwe fupi na lisipite mstari mmoja. Sisi tungeandika NIMEUMBWA NIKAUMBIKA. Bibi yeyote atalisifu, nanyi mtajua mnachokijua. Lina herufi 19 na nafasi moja, hivyo katika kisanduku cha sentimita 100 kila moja inapata 5. Pigeni mstari kwa penseli na mgawanye kabla ya kushika nta, la sivyo KA ya mwisho itapanda pindoni. Wengine hupenda neno "shoga", wakicheza na maana ile ya pwani ambapo mwanamke humwita hivyo rafiki yake wa kike. Kwa Mafinga ya leo hatuwashauri, maana ya matusi imeshaimeza ile ya zamani.

Kitambaa: pamba tupu. Choma uzi mmoja. Ukiwaka kama karatasi na kuacha jivu laini ni pamba, ukijikunja kuwa shanga nyeusi ngumu ni poliyesta na haitashika rangi hii.

Nta: mishumaa sehemu mbili, nta ya nyuki sehemu moja. Mishumaa peke yake hukatika kitambaa kikikunjwa, rangi ikapenya kwenye nyufa, na nadhani hapo ndipo herufi zenu zilipoliwa. Iyeyusheni katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta iliyozidi moto hushika kama mafuta ya taa. Andikeni kwa brashi ya nywele za asili, au sponji ya godoro iliyofungwa kwenye kijiti. Brashi ya nailoni itajikunja. Nta ikifanya kazi yake herufi huonekana kama imelowa, hata upande wa nyuma. Ikikaa juu nyeupe kama ukoko imeshapoa. Juni na Julai kwenu hupoa njiani kati ya kopo na kitambaa, hivyo kaeni karibu na jiko na kila herufi mchovye upya.

Rangi: tumieni ile ya batiki ya vat, yaani inayoyeyushwa kwa kostiki (soda kali) na haidro (unga unaoiondolea rangi hewa). Kwa mita mbili, kijiko kikubwa 1 cha rangi, kijiko 1 cha kostiki, vijiko 2 vya haidro. Kostiki itiwe ndani ya maji baridi kwenye chombo cha plastiki. Maji yasimiminwe juu ya kostiki, hurukia usoni. Msitumie sufuria za aluminiamu, kostiki huzila na kutoa gesi inayowaka. Glavu za mpira mpaka kwenye kiwiko, kazi ifanyike nje. Tone likigusa ngozi, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20. Haidro iwe kavu na imefungwa, pakiti iliyoingia unyevu hupoteza nguvu na inaweza kupata joto yenyewe hadi kuwaka.

Koroga rangi katika lita 1 ya maji ya moto kiasi cha mkono kushindwa, mimina maji ya kostiki, nyunyiza haidro, funika dakika 15. Kisha ongeza lita 5 za maji ya uvuguvugu na msubiri. Hapa kuna mvutano ambao ndio siri ya kazi nzima: rangi inataka joto ili ivunjike, nta inataka baridi ili isiyeyuke. Maji yakiwa kama ya kumwogesha mtoto, ndipo kitambaa kilicholoweshwa kinaingia. Kibaki chini ya maji dakika 10 hadi 15, mkikigeuza bila kukikunja. Sehemu inayoelea ndiyo hutoka na mabaka.

Msiogope mkiona rangi ya ndani ya beseni si mliyonunua. Haidro imeiondolea hewa. Kitandazeni kivulini, na ndani ya nusu saa hewa itairudisha kama ilivyo, mbele ya macho yenu. Atakayekimbilia kuisuuza kabla ya hapo ataimwaga.

Nta hutolewa kwa kuchemsha na sabuni. Msimwage maji kwenye bomba. Yakipoa nta itaganda juu, mtaiokota na kuitumia kwenye doti ya pili, kwa kuwa kanga moja si kanga.

Silali. Nikichora napata nafuu, ila sijui kama ni kujidanganya. (Wa Njombe)

Si kujidanganya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwapima watu 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa bila maelekezo. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa takriban robo tatu yao, na waliozoea sanaa hawakuwazidi wasioijua. Usiku tumia rangi mbili tu na karatasi ndogo, jaza miraba kuanzia kona. Rangi kumi zinataka maamuzi, na maamuzi ndiyo yanayokuamsha. Lakini ukianza kufikiria kujidhuru, weka brashi chini na uende kwa mtu siku hiyo hiyo, rafiki au mhudumu wa afya. Kuhusu usingizi na huzuni unaweza kuzungumza bila kueleza unampenda nani.

Nimefagia chumba cha mdogo wangu wa kiume, miaka 19, nikakuta daftari la michoro: wavulana walioshikana mikono, kucha zenye rangi. Mama hajui. Nimuulize? (Dada yake, Makambako)

Usimuulize. Lirudishe pale pale, likitazama lilikokuwa likitazama, kwa maana mwenye siri hukumbuka hata pembe ya daftari. Siku nyingine mwambie mbele ya watu kwamba ana mkono mzuri wa kuchora, bila kusema umeona wapi; aliwahi kuchora shuleni, hiyo inatosha. Acha kufagia chumba chake, mwachie afagie mwenyewe. Na kama penseli zake zimebaki vipisi, pakiti ya rangi 12 iache mezani pamoja na vitu vya sokoni.